Pojo za Garsen na Bei ya Mumbai

Agosti ya mwaka 2017 Wakenya hawakuwa na habari na pojo. Tarehe 8 walipiga kura, Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, na kila redio kuanzia Hola hadi Kipini ilikuwa na mazungumzo hayo hayo. Wakati huo huo serikali ya India ilitoa matangazo mawili mafupi ambayo huku kwetu yalipita bila kusikika. La kwanza, la Agosti 5, lilisema mbaazi zitakazoingizwa India kwa mwaka zisizidi tani 200,000. La pili, la Agosti 21, liliziwekea pojo na ndugu yake mweusi, anayeitwa urad, kikomo cha tani 300,000 kwa pamoja.

India ndiyo inayolima jamii ya kunde kuliko nchi yoyote duniani, na ndiyo inayozila kuliko zote. Mwaka 2014 na 2015 mvua za huko zilikuwa haba, na ilipofika Oktoba 2015 kilo moja ya mbaazi zilizobanguliwa, yaani dali, ilikuwa inauzwa rupia 200 katika miji mikubwa. Bei ya dali ikipanda India, serikali hupoteza usingizi. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi akaanza ziara ya Afrika kwa kutua Maputo, ambako nchi yake ilikubaliana na Msumbiji kununua mbaazi kwa miaka kadhaa; akapita Afrika Kusini, Dar es Salaam na Nairobi. Ukawa pia ndio mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jamii ya Kunde. Mkulima wa Lindi au wa Nampula angewezaje kutopanda? Akapanda. Nao wakulima wa India, waliovutiwa na bei ile ile, wakapanda, mvua zikanyesha, ghala zao zikajaa kuliko wakati wowote kabla ya hapo, na serikali yao ikafunga mlango ili kuwalinda. Mbaazi za kusini mwa Tanzania na za Msumbiji zikakosa wanunuzi zikiwa tayari zimeshavunwa.

Garsen, kwenye delta ya Mto Tana, haikupigwa kwa kiasi hicho. Pojo za Mto Tana hazipakiwi melini kwa wingi. Nyingi huishia kwenye masufuria ya Malindi, Mombasa na Lamu. Lakini India ikifunga, pojo za Tanzania, ambazo huko huitwa choroko, zilizokuwa ziende Mumbai hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mpaka wa Kenya: Lungalunga, Taveta, Namanga. Zikifika soko la Kongowea, Mombasa, dalali wa Garsen hupigiwa simu na kuambiwa kwamba bei imeshuka, naye humwambia mkulima wa kijiji cha Wema. Mkulima hajui sababu. Anajua tu kwamba mwezi uliopita alipewa zaidi.

Uhusiano huu wa pojo za Tana na ng'ambo ya bahari una umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe. Mmea ni wa India kwa asili. Huko ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2016 watafiti wa mambo ya kale walitoa taarifa ya mbegu zilizoungua walizozichekecha kwenye udongo wa vijiji vya kale vya Komoro na Madagaska: mpunga, pamba ya Asia na choroko, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Waliozileta walikuwa mabaharia, na upepo wa kaskazi haukuchagua bandari moja tu. Karibu na mdomo wa Tana palikuwa na miji yake. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, yalichimbuliwa na James Kirkman, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1966: misikiti, makaburi, vigae vya vyombo kutoka nchi za mbali. Mji wenye vyombo vya Uchina mezani ulihitaji kitu cha kutia ndani ya vyombo hivyo, na kitu hicho kililimwa mtoni.

Waliolima ni Wapokomo, na kilimo chao hakieleweki bila kuuelewa mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi. Mvua zikinyesha bara, maji hufika delta siku kadhaa baadaye, mara nyingi jua likiwaka Garsen na mbingu ikiwa nyeupe. Hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Yakirudi mtoni huacha tope jeusi, na kila kipande cha tope kina zao lake: mpunga kwenye mabonde ambako maji yanakawia, migomba na miembe ukingoni, mahindi, kunde na pojo pale ambapo maji yamepita na kwenda zake.

Pojo haitaki maji mengi. Mbegu ikitiwa kwenye tope linaloanza kukauka huota ndani ya siku chache, hutoa maua ya manjano, na kufikia siku ya 65 hivi maganda ya chini yameshakuwa meusi huku ya juu yakiwa bado mabichi. Kwa sababu haziivi pamoja, shamba moja huchumwa mara mbili, mara tatu, na huchumwa alfajiri umande ungali juu ya majani. Ganda lililokwisha kupigwa na jua la saa nne hupasuka likiguswa tu na kumwaga mbegu chini, na mbegu ya pojo iliyoanguka kwenye ufa wa tope haiokoteki. Wanaochuma kwa kawaida ni wanawake. Maganda huanikwa juu ya turubai, hupigwa kwa fimbo, kisha hupetwa kwa uteo mpaka makapi yaondoke na zibaki punje za kijani zinazong'aa. Kazi yote hiyo, na mavuno ya ekari moja yanaweza kutoshea magunia machache tu.

Katika karne ya 19 nafaka za mto zilishuka kwa mitumbwi. Kulikuwa na shida moja: mdomo wa Tana haukuwa bandari nzuri, ilhali mto jirani wa Ozi ulikuwa na Kau na Kipini, ambako majahazi yaliweza kuingia. Watawala wa usultani wa Witu wakachimbisha mfereji, Belezoni, wa kuunganisha mito hiyo miwili ili mazao yapite salama mpaka Ozi. Mto una akili yake. Baadaye uliufuata mfereji huo na kuufanya njia yake kuu, kiasi kwamba Tana ya leo inaingia baharini Kipini kupitia kazi ya majembe ya watu wa Witu.

Biashara hiyo haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Wapokomo walitozwa mazao na Witu, na waliokuwa na mikuki zaidi yao waliwatoza pia. Kusini kidogo, Malindi ilifufuliwa kuanzia mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Unguja, na ndani ya miaka 20 ikawa ghala la nafaka la pwani nzima kwa jasho la watumwa: mtama na ufuta kwanza, jamii ya kunde nyuma yake, vyote vikisafirishwa mpaka Hadhramaut na kwingineko Arabuni. Lamu nayo ilikuwa na mashamba yake ya bara kwa mtindo huo huo. Mizani ilikuwa ya vipimo vya ujazo, vibaba vinne kwa pishi moja, na aliyeshika pishi ndiye aliyeamua kama itajazwa kwa kusawazishwa au kwa kichuguu. Hesabu ilikuwa ya rupia. Rupia ya India ilitumika pwani na bara mpaka mwaka 1920, serikali ya kikoloni ilipoiondoa. Iliondoka mifukoni, lakini sokoni, kama tulivyoona mwaka 2017, bado ipo.

Wajerumani walijaribu kuishika Witu mwaka 1885 na kuiachia Uingereza mwaka 1890. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliota ndoto ya kuufanya Tana barabara ya biashara hadi bara, na mwaka 1891 nahodha Dundas akapandisha stima iliyoitwa Kenia juu ya mto huo. Ndoto haikudumu. Kampuni ilikufa mwaka 1895, na mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Reli ndiyo iliyoamua nani atakuwa karibu na soko na nani atakuwa mbali kwa miaka 100 iliyofuata. Mkulima wa Machakos, ambaye hajawahi kuiona bahari, akawa karibu na meli kuliko mkulima wa Ozi anayesikia mawimbi usiku. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba makubwa ya Malindi na ya bara ya Lamu yakasinyaa, majahazi yakapungua Kau, na mto ukabaki kulisha watu wake wenyewe.

Serikali zilizofuata zilirudi Tana mara kwa mara, kila moja na zao lake mkononi. Hola ilianza miaka ya 1950 kama mradi wa kunyunyizia maji uliolimwa na wafungwa wa Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni, na Machi 3, 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Bura ilikuja mwisho wa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikipangiwa hekta 6,700 za pamba hasa. Gharama zikapaa, eneo likapunguzwa, na mwaka 1989 pampu zikanyamaza. Kwenye delta yenyewe, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi ilijenga kuta na mifereji ya mpunga kwa msaada wa Japani, na El Niño ya 1997 na 1998 ikazibomoa. Mwaka 2008 ikaja miwa: hekta 20,000 kwa ushirika na kampuni ya sukari ya Mumias, mpango ulioishia mahakamani. Baada yake wakaja watu wa mbono wa kutengeneza mafuta ya magari. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru serikali ipange matumizi ya delta pamoja na wakazi wake, na mpango huo ukakamilika mwaka 2015.

Pamba, mpunga, miwa, mbono. Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba pojo haikuwahi kupewa mradi wake mkubwa, wala mkopo wa Benki ya Dunia, wala jiwe la msingi la waziri. Ndiyo iliyobaki shambani.

Kuna jambo jingine lililobadilika bila zao kutajwa. Juu ya mto yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nairobi ikapata taa. Delta ikapata mafuriko yasiyofuata kalenda ya wazee: miaka mingine hayaji, miaka mingine yanakuja yote kwa mara moja. Mpunga uliotegemea maji kukaa wiki kadhaa ulianza kuwa bahati nasibu. Pojo, inayomaliza kazi yake kwa miezi miwili na kitu, ilistahimili mabadiliko hayo kuliko mpunga, na nadhani hapo ndipo ilipopanda cheo kutoka mboga ya nyumbani hadi zao la kuuza.

Sitaki kulisifu zao hili mpaka nisahau damu. Mwaka 2012, kuanzia Agosti hadi Desemba, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliuana Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, na waliokufa walizidi 100. Sababu za kisiasa zilikuwepo, mwaka wa uchaguzi ukikaribia, lakini mzozo wenyewe ulikuwa wa njia za ng'ombe kwenda mtoni, zinazoitwa malka, na mashamba yaliyokuwa yakizibana. Kila ekari ya pojo inayoongezwa ukingoni ni ekari ambayo mfugaji alikuwa akipita. Wanaopiga hesabu za soko la nje wakiwa Nairobi mara nyingi huisahau hesabu hii.

Barabara nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi Garsen ilikuwa kituo cha kungojea: kungojea kivuko, kungojea lori likwamuliwe topeni, na miaka ya 1990 kungojea askari, maana mabasi ya Lamu hayakuruhusiwa kupita bila ulinzi kwa sababu ya majambazi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ulinzi huo ulirudi. Kila saa ya kungojea ilikatwa kwenye bei ya mkulima, kwa sababu mwenye lori hakuwahi kukubali kuilipia. Lami ya Garsen, Witu hadi Lamu, kilomita 135, ilibadilisha mambo, mpaka mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya masika ya 2024 yalipoikata karibu na Gamba na abiria wakavushwa kwa mashua mahali palipokuwa na barabara kuu. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, saa chache tu kwa gari kutoka Garsen. Hata hivyo gunia la pojo linalotoka delta kwenda ng'ambo bado hushuka kusini mpaka Mombasa.

Mbegu zimekuwa na bahati nzuri kuliko barabara. Aina ya N26, ambayo wakulima huiita nailoni kwa mng'ao wake, imeenea sana; karibuni Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, limeongeza Biashara, Karembo na Ndengu Tosha. Huko Kitui, Charity Ngilu alipokuwa gavana alisambaza mbegu kwa maelfu ya nyumba akiita kazi hiyo mapinduzi ya ndengu, jina la pojo huko bara. Mavuno yakaja, na swali la nani atanunua likaja pamoja nayo. Tana River haikuwa na kelele hizo. Kaunti hii, yenye watu 315,943 kwa hesabu ya mwaka 2019, ilipitia misimu mitano ya mvua haba mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na 2022, kisha maji yasiyomezeka. Aliyepanda pojo maji yalipopungua alivuna kitu kabla ya balaa lililofuata.

Na soko? Lipo, wala halijawahi kukosekana. India ilifungua mlango wa pojo Mei 2021 na kuufunga tena Februari 2022. Mtu anayetegemea mlango huo anatega mtego kwenye njia asiyoijua. Tena washindani wapo: Myanmar imo, Australia imo, kila moja na meli zake. Mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024, na ule wa Umoja wa Falme za Kiarabu ulitiwa saini Januari 2025. Dubai, yenye Wahindi na Wapakistani wengi, ni mnunuzi wa kutazamwa zaidi kuliko Brussels. Lakini ukweli ulio karibu zaidi ni kwamba Kenya yenyewe haijitoshelezi. Tunaagiza kutoka Tanzania, Uganda na Ethiopia. Nyama imepanda bei, miji inakua, na sufuria ya pojo za nazi yenye chapati imekuwa chakula cha mchana cha mafundi na wanafunzi kuanzia Kisauni hadi Eastleigh. Mlaji wa Mombasa hahitaji cheti cha usafi wa mimea wala dola. Kabla ya kuota Mumbai, mkulima wa delta ana soko la saa chache kwa lori ambalo bado hajalimaliza.

Kinachomzuia ni kile kile cha zama za pishi. Nenda Minjila au Garsen wakati wa mavuno. Mkulima anapimiwa kwa debe, na debe linajazwa mpaka lifanye kichuguu. Mnunuzi akifika mjini anauza kwa kilo, dukani zinauzwa kwa gorogoro iliyosawazishwa kwa kiganja. Kichuguu kimepotelea njiani, na si cha mkulima tena. Anauza wiki ile ile ya kuvuna kwa sababu ada ya shule inadaiwa, na kwa sababu fukusi wataingia: yai la fukusi huwa limeshatagwa juu ya ganda shambani, na ndani ya miezi mitatu gunia lililowekwa chini ya kitanda huwa unga na matundu. Mifuko ya kuhifadhia nafaka bila hewa huwaua fukusi bila dawa, na inapatikana madukani. Sheria ya Stakabadhi za Maghala tunayo tangu mwaka 2019, inayomruhusu mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa hati na kukopa kwa hati hiyo huku akingoja bei. Tanzania imezipeleka choroko zake kwenye minada kwa njia hiyo. Wakulima wamelalamikia ucheleweshaji wa malipo, lakini angalau mizani iko hadharani na bei inasomwa kwa sauti.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wawakilishi wa wadi za Garsen wanaokaa kwenye bunge la kaunti kule Hola. Msituletee zao jipya. Tuwekeeni Minjila ghala moja lililosajiliwa, lililoinuliwa juu ya kimo cha maji ya 2024, lenye mizani iliyopigwa muhuri na ubao wa kuandikia bei ya Kongowea kila siku ya soko, na malka ziachwe wazi kabla ekari moja zaidi haijafyekwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Pojo za vuli huanza kuvunwa Januari.